Chumba cha Chini na Mafuta ya Karafuu

Kazi yangu Moroni ilikuwa kutunza ghala la mchele la mfanyabiashara mmoja, karibu na bandari. Meli ikishusha mzigo, mimi ndiye niliyetia bambo kwenye magunia, kile chuma chenye ncha na mfereji, nikavuta punje na kuzimwaga kiganjani nizitazame. Lakini bambo lilikuwa la kuwaridhisha wenye mali. Mwenyewe nilipenda kufungua mdomo wa gunia na kuzamisha mkono hadi kiwikoni. Mchele mzima huwa wa baridi ndani, hata adhuhuri. Ulioingiwa na fukusi huwa na joto, kama joto la mtu aliyelala, kwa sababu humo ndani vidudu vinakula, vinapumua na kuzaana bila kukoma.

Fukusi ni mdudu mdogo wa hudhurungi mwenye pua ndefu. Jike hutoboa punje, hutaga yai humo, kisha huziba tundu. Kwa nje punje ni nzima, kwa ndani mtoto anakula kuta zake. Ukimgusa mkubwa, hukunja miguu akajifanya maiti. Miaka yote niliyokaa ghalani sikuchoka kumtazama akifanya hivyo. Tulimuua kwa vidonge vya kufukiza, magunia tukiyafunika turubai, na kazi ikiisha nilirudi nyumbani, mtaa wa Badjanani, nikinuka vumbi la pumba.

Nyumbani ni nyumbani kwa mke wangu. Ndiyo desturi ya visiwa vyetu: nyumba ni ya mwanamke, mwanamume huingia. Yeye ni Mngazija wa mji mkongwe, nyumba yao iko katika vichochoro vya nyuma ya msikiti wa Ijumaa, mahali ambapo watu wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu. Mimi ni Mnzwani, mtu wa kisiwa cha Nzwani, mzaliwa wa Mutsamudu. Ujana wangu niliupitisha Unguja kwa mjomba wa baba yangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala la karafuu, na huko ndiko nilikopata Kiswahili hiki ninachoandikia. Moroni nilijifunza kusema Kingazija vizuri, lakini si vizuri kiasi cha kumdanganya mtu. Nikisema neno moja tu dukani, muuzaji aliinua macho. Kwa miaka mingi hilo halikuwa na uzito wowote. Walinitania, nikawatania.

Kisiwa changu kilipotangaza kujitenga, utani ulianza kupungua. Haukukoma kwa siku moja. Kwanza wapagazi waliacha kuniuliza habari za kwetu. Halafu wakaanza kuniuliza, lakini kwa sauti nyingine, kama kwamba mimi ndiye niliyeshusha bendera. Simu za Nzwani zilikatika. Kila mkutano wa viongozi uliposhindwa, nilirudi nyumbani kwa njia ya pwani badala ya kupita mbele ya baraza ambako vijana walikuwa wakikaa.

Siku watu wa mji walipotoka mitaani kuwatafuta Wanzwani ilikuwa mchana, nami nilikuwa nyumbani nikila. Tulisikia kelele kutoka upande wa soko, kisha nyayo kichochoroni. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono ameiegemeza kwenye miimo miwili, akasema na watu ambao mimi sikuwaona.

"Humu hamna mgeni," aliwaambia. "Humu yumo mume wangu."

"Basi mwache mume wako atoke, atusalimie," sauti moja ikajibu. Niliitambua. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekuwa akituuzia samaki.

Hawakuingia. Walipiga mlango wa jirani, ambako fundi cherehani wa kwetu alikuwa amepanga chumba, wakamtoa. Jioni alikuja shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mtu mpole aliyenipenda kwa dhati. Alikaa bila kuvua viatu.

"Shemeji," alisema, "wanarudi. Bandarini kuna meli inawachukua watu wenu. Ondoka kidogo, mambo yatulie. Mimi mwenyewe nitakufikisha."

Mke wangu alisema, "Naye akiondoka, nani atamrudisha?"

Shemeji aliinuka akafungua mlango. Alinifikisha, akitembea upande wa nje ili mtu akirusha kitu kimpate yeye kwanza. Nilikuwa na mkoba mmoja. Mke wangu alikuwa amenitilia ndani mashati, msala, na kifuko cha wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, bado wa moto. Melini tulisimama bega kwa bega, wengi wetu tukiwa watu waliozaliwa Moroni na wasioijua Nzwani ila kwa jina.

Mutsamudu sikuwa nimeishi tangu utotoni. Mama yetu alikuwa ameshafariki na nyumba ilikuwa ya dada yangu, kama ilivyopasa. Alinipokea kwa kilio, akanipa alichokuwa nacho: chumba cha chini, ambacho tangu enzi za bibi yetu kilikuwa stoo. Kina ukuta mnene wa mawe, dirisha moja dogo lenye nondo, na mlango unaofunguka kwenye kichochoro ambacho jua hukipitia mara moja tu kwa siku. Juu ya paa za mji inasimama ngome ya zamani, na miezi ile tulisikia milio ya bunduki kutoka huko na kutoka pengine, bila kujua ni akina nani wanapigana na akina nani.

Ajabu ni kwamba kwetu nako nilikuwa mgeni. Lafudhi yangu ilikuwa imeharibika. Nilipofungua kinywa kutaka unga au kiberiti, watoto walicheka, na haukupita muda mtaa mzima ukaniita "Mngazija". Waliolingana nami kwa umri walikuwa wamezoeana kwa miaka ambayo mimi sikuwapo. Waliongea habari ambazo sikuzijua mwanzo wake. Nilikaa nao barazani baada ya alasiri, nikatabasamu walipocheka, kisha nikashuka chumbani.

Halafu meli zikaacha kuja. Tuliwekewa vikwazo ili kisiwa kirudi kundini, na mji ukaanza kuweka akiba. Dada yangu na mumewe walishusha chumbani kwangu kila walichokipata: magunia ya mchele, na mapipa ya mbaazi kavu zilizotoka kwa jamaa za mumewe huko milimani. Nililala kati ya vitu hivyo. Katika ukimya wa chumba kile nilisikia sauti ninayoijua, mkwaruzo mdogo sana, kama mtu anayesugua punje mbili kwa vidole. Nilizamisha mkono kwenye gunia lililokuwa kando ya kitanda changu. Lilikuwa na joto.

Nitasema ukweli: sikuutoa mkono upesi. Tangu nilipoondoka Moroni sikuwa nimegusa kitu chochote chenye joto la uhai isipokuwa mikono ya watu ya kusalimiana.

Asubuhi nilimwambia dada yangu. Alishika kichwa.

"Mungu wangu, mchele wenyewe ndio huu! Tuuanike?"

"Wapi? Kichochoroni hakuna jua, na paani mvua haina taarifa."

"Dawa ile yenu ya ghalani?"

"Imo Moroni."

Lakini kilichokuwa tele Nzwani mwaka ule kilikuwa mafuta. Mlangilangi unastawi kila bonde, na kila bonde lina mtu mwenye mtambo wa kukeneka maua, chungu kikubwa cha shaba juu ya moto wa kuni, na mrija wa kupoza mvuke. Wanunuzi hawakuja tena. Mafuta yaliyokuwa yakienda kwa watengeneza manukato wa Ulaya yalikaa kwenye madumu. Nilikumbuka Unguja, ambako walikeneka makonyo, vile vijiti vya karafuu, na jinsi ghala la mjomba lilivyokuwa halina mdudu hata mmoja. Nikapanda bondeni juu ya mji, kwa mkenekaji mmoja aliyekuwa jamaa wa shemeji yangu wa huku. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha banda lake, mtambo umezimwa.

"Una mafuta ya karafuu?" nilimuuliza.

"Nina ya langilangi. Chukua utakayo. Hata mbuzi hawayataki."

Nilichukua chupa. Hilo ndilo lililokuwa kosa la kwanza la ufundi wangu mpya. Nilidhani harufu kali ni harufu kali, nikaunyunyizia mchele wa gunia zima na kuugeuza kwa mikono. Fukusi kadhaa walitoka nje wakalewalewa sakafuni, wengine wakabaki ndani wakiendelea na maisha yao. Dada yangu aliuosha mchele ule mara nyingi, akaupika kwa nazi. Tulipofunua sinia, mvuke ulijaa sebule nzima. Kwetu langilangi na asumini ni harufu ya bibi harusi. Ndiyo inayotiwa kwenye nywele zake na kutandazwa kitandani.

Shemeji yangu alitia tonge kinywani, akatafuna polepole, akamtazama mkewe. "Leo tunakula ndoa," alisema.

Wote walicheka, dada yangu hadi machozi. Nami nilicheka. Kisha nikainuka nikasema nimesahau kufunga mlango, nikashuka, nikakaa juu ya pipa. Nywele za mke wangu zilinuka hivyo hivyo siku nilipoingia nyumbani kwao. Sikula wali ule, na ulipoishia sijui. Nadhani walipewa kuku.

Baada ya hapo nilikwenda kwa makini zaidi. Mkenekaji, kwa kukosa la kufanya, alikubali kuwasha mtambo kwa majani ya mkarafuu yaliyokuwa yakianguka bure, na mara nyingine kwa mrihani. Mafuta ya majani ya karafuu hutoka mazito, rangi ya chai, na yakikaa kwenye ngozi huunguza. Vidole vyangu vilichubuka, na siku moja nilijisahau nikajifuta jicho. Nililia peke yangu mpaka nikahisi aibu, ingawa hakukuwa na mtu wa kuniona. Niliwatia fukusi kwenye mitungi midogo ya kioo ya jamu, kila mmoja na kipande cha kitambaa kilichotoneshwa mafuta tofauti, nikafunika. Waliotiwa langilangi walizunguka tu. Wa mrihani walipanda juu kutafuta pa kutokea. Wa karafuu walikunja miguu. Nilingoja, kwa kuwa nawajua kwa uongo wao. Niliwamwaga kwenye sahani juani, nikawagusa kwa unyoya. Hawakuinuka.

Basi nikajua. Kwa chakula, mafuta hayagusi punje: unatonesha kwenye kitambaa, unakiweka juu ya nafaka kwenye pipa au debe lenye mfuniko unaobana, mvuke unashuka wenyewe. Kabla ya kupika unapepeta mchele kwenye ungo upate hewa. Haufanyi muujiza, walioko ndani ya punje huchelewa kufa, na mfuniko ukilegea umefanya kazi bure. Kwa mbaazi za mbegu ni rahisi zaidi, unachanganya mafuta kidogo na jivu kisha unazipaka, kwa sababu hakuna atakayezila. Mdudu wa mbaazi hutaga mayai meupe kwenye ganda, madogo kama chembe za chumvi, na mtoto akishakulia ndani hutoka akiacha tundu la duara. Mbaazi zilizopakwa karafuu hazikutagiwa mayai.

Wanawake wa kichochoroni walianza kuja na madebe yao. Walisimama mlangoni, kwa sababu ni chumba cha mwanamume aliye peke yake, wakasema haja yao, nikatonesha, wakaondoka. Walisema "Ahsante, Mngazija," bila ubaya. Hiyo ndiyo ilikuwa mikutano yangu ya siku.

Kulikuwa na mchuuzi mmoja mwanamke aliyevuka hadi kisiwa cha Maore kwa mashua za magendo, na kutoka huko jamaa zake walisafiri Moroni. Nilimpa salamu za kumfikia mke wangu. Ilichukua muda mrefu, hata nikaacha kumuuliza. Siku moja alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kizingiti, akavuta pumzi.

"Nimeletewa maneno yako. Mkeo anasema yu mzima. Anasema mchele umeingia fukusi."

"Kisha?"

"Basi. Hayo ndiyo niliyoambiwa."

Nilimfanya ayarudie. Yu mzima, mchele umeingia fukusi. Nilimfungia chupa ndogo ya mafuta ya karafuu ndani ya soksi, nikamfundisha maneno ya kupeleka, nikamtaka ayaseme mbele yangu kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani: kitambaa juu, si kwenye mchele; mfuniko ubane; apepete kabla ya kupika; asijiguse macho.

"Na mengine?" aliuliza. "Hakuna la mapenzi?"

"Mwambie asijiguse macho," nikasema.

Jibu halikurudi. Mchuuzi yule alikamatwa Maore, kisha akaacha safari. Nilibaki na mitungi yangu. Nilikuwa nikiamka na kutazama dirisha lile dogo, nikijaribu kukisia kama pipa la nyumbani Badjanani limefunikwa vizuri, kwa sababu lilikuwa na mfuniko uliobonyea upande mmoja, na nilijua lazima uupige kwa kiganja ndipo ushike. Sikuwa nimemtuma mtu amwambie hilo. Lilinisumbua kuliko vita.

Wakubwa walipokubaliana hatimaye na ndege zikaanza tena kutua Ouani, kwenye uwanja wa kisiwa chetu, nilipata habari kwamba mke wangu anakuja. Nilinyoa ndevu, nikaazima kanzu ya shemeji. Alishuka akiwa na mfuko mmoja na amejifunga shiromani, nguo ya kujitanda, nyekundu ambayo siijui. Tulishikana mikono kama watu waliotambulishwa.

"Umekonda," aliniambia.

"Safari ilikuwaje?"

"Fupi. Nimeshangaa. Ni karibu hivi?"

Dada yangu alimpikia, akamkalisha juu kama mgeni wa heshima. Alasiri aliomba kuona ninapokaa. Aliingia, akasimama katikati ya chumba, akanusa.

"Pananuka kama kwa daktari wa meno."

"Ulipata chupa?"

"Niliipata. Nilifanya kama ulivyosema. Fukusi walikwisha." Alishika ukingo wa pipa, hakuketi. "Bwana, sikuja kukuchukua."

"Nilidhani tutasafiri pamoja."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Kaka yangu alisema twende kwa kadhi, tueleze kwamba hupo, nifunguliwe. Nikamwambia sitamfanya hivyo mtu ambaye hakuondoka kwa miguu yake. Nimekuja kukuomba kwa mdomo wangu."

"Kuna mtu?"

"Yuko aliyeuliza. Sijamjibu." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege. "Mimi si mjane wala si mke. Nikienda harusini, hawajui wanikalishe wapi. Umri unakwenda, na natamani mtoto. Miaka yote ile tulingoja wawili, kisha nikangoja peke yangu."

"Nikirudi nawe kesho?"

Alifikiri kweli, hakunijibu kwa haraka ili amalize. "Ukirudi, kila alasiri nitakaa dirishani kutazama kama utafika. Na wewe utapita milango ile ile, uwasalimie watu wale wale. Wao wamesahau, ujue. Wanakuuliza. Yule wa samaki anakuuliza kila siku hali yako. Wewe umesahau?"

Nilikuwa nikijiona kichochoroni, nimegeuka ubavu kumpisha mtu yule, namwitikia salamu.

"Mimi pia sijasahau," alisema. "Nilisimama pale mlangoni, nikadhani mikono yangu itakatika."

Nilimwacha kesho yake asubuhi, sebuleni kwa dada yangu, mbele ya shemeji na imamu wa mtaa, talaka moja, kwa maneno mafupi. Dada yangu alilia zaidi yetu. Nilimsindikiza hadi Ouani. Njiani aliniuliza habari za bei ya muhogo na kama mvua huku ni nyingi, nami nilimjibu yote kwa urefu, kwa sababu sikutaka tufike. Alipoingia ndani nilikaa kwenye ukingo wa barabara mpaka ndege ikapaa na kuzama mawinguni, kisha nikarudi Mutsamudu kwa miguu, bahari ikiwa kulia kwangu, kanzu ya watu imeloa jasho.

Sikurudi Moroni. Meli zilipoanza kuja tena, na dawa za dukani pia, wanawake wa kichochoroni waliacha kuleta madebe, na wengine hawakuwa tena na sababu ya kunisalimia. Waliobaki ni wakulima wa milimani, wenye mbegu. Wale hawakuwa na fedha ya vidonge, na hawakupenda sumu karibu na watoto. Mkenekaji alinipa sehemu ya banda lake nikahamia huko bondeni, nikawa nawasha mtambo wakati yeye hakeneki maua. Ni mahali pa ukungu na majani. Siku nyingine neno la kwanza ninalolisema kwa sauti ni takbira ya adhuhuri.

Mwaka uliofuata, wakati wa mavuno ya mbaazi, alipita mtu wa kwetu aliyekuwa amerudi kutoka Moroni kwa ndege. Alikuja kutafuta mafuta, hakujua mimi ni nani kwa yule mwanamke wa Badjanani. Aliongea habari za mji, nani amefariki, nani amejenga. Nikamuuliza juu ya nyumba ile, nikiieleza kwa msikiti na kona.

"Ah, wale! Yule bibi na mumewe wamepata mtoto. Wa kike. Nilikuwapo siku ya akika, walitulisha wali na nyama, hata jirani wa mbali."

"Mama yake mzima?"

"Mzima kabisa. Amenenepa."

Nilisema alhamdulillahi, na nilimaanisha. Nilimpimia mafuta yake, nikamwonya asijiguse macho, akaenda zake. Wanawake wa kijijini walikuwa wameniachia vikapu vya mbaazi zenye maganda, zikaushwe kabla ya kupakwa. Nilivuta kikapu cha kwanza karibu, nikakaa mlangoni pa banda, nikapukuchua mpaka adhana ya alasiri.